Sorveya aliyenirudishia kiwanja kutoka kwa wajenzi wa jirani: nyota nne

Naanza na nyota ili wenye haraka waondoke mapema. Sorveya, yaani mpima ardhi, nampa nne kati ya tano. Wakili tatu. Seng'enge mbili. Kamera moja, na hiyo moja ni ya huruma. Mkandarasi wa jirani yeye sikumwajiri mimi ila huduma zake zote nimezipata bila kuomba: nimemwagiwa kifusi, nimechimbiwa mpaka, nimeoshewa mikisa ya zege kwenye majani, nimeng'olewa bikoni, zile alama za mpaka, na nimerundikiwa nondo kwenye kiwanja ambacho hati yake ina jina langu. Huyo hana nyota.

Kwa asiyejua hali hii, iko hivi. Ukiwa na kiwanja kitupu na jirani akaanza kujenga, basi machoni pa mafundi hicho kiwanja chako ni stoo. Hamna nyumba, hamna mbwa, hamna wa kugomba, kuna nafasi tu. Saiti yao imebana, tipa inataka pa kugeuzia, kokoto na mchanga vinataka pa kukaa, vibarua wanataka pa kupumzikia na pa, samahani, kujisaidia, na hapo pembeni kuna eneo safi limekaa. Wala hawakai kikao kupanga wakuibie. Dereva wa tipa anauliza nimwage wapi, mtu ananyoosha mkono, imeisha hiyo. Dereva wa pili akija anakuta kuna rundo tayari, anamwaga juu yake bila hata kuuliza, na kuanzia hapo una dampo.

Mimi nakaa mbali na kiwanja. Nilipigiwa simu na mtu anayepita njia ile akanipongeza kwa kuanza ujenzi. Nilivyofika fomeni alinipokea vizuri tu, "karibu bosi", akaniletea kofia ngumu nivae maana hapa ni saiti. Nikamwambia kaka, hapa uliposimama si saiti, hapa ni kwangu. Akacheka kwa adabu kabisa, akasema usijali bosi, tukimaliza tutakusafishia, utakuta pako vizuri kuliko mwanzo.

Sasa hiyo ahadi wengi wetu tumepewa na wengi tumeenda nayo nyumbani tukalala. Shida yake ni kwamba ujenzi ukiisha waliokuharibia hawapo. Mwenye eskaveta ndo wa kwanza kuondoka, kazi yake ni ya wiki za mwanzo, fomeni kahamishiwa saiti nyingine, pale wamebaki mafundi rangi na fundi bomba ambao hawajui hata rundo lilitoka wapi, na mwenye nyumba pesa imemkauka anawaza mapazia. Na kingine watu hawakijui: kwenye mikataba mingi ya ujenzi mwenye nyumba anashikilia kipande cha malipo ya mkandarasi, mara nyingi asilimia 5 au 10, anamwachia sehemu kazi ikikamilika na iliyobaki baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro. Pesa hiyo ikiwa bado mkononi mwa mwenye nyumba, mkandarasi anasikia vizuri sana. Ikishatoka, anakuwa kiziwi. Kwa hiyo ugomvi wako wote upige wakati zege bado linamwagwa, na upige kwa mwenye nyumba, fomeni umsalimie tu.

Turudi kwa sorveya. Nilimtafuta mwenye leseni na mhuri wake, huyu wa kuweza kusimama mbele ya hakimu akaulizwa maswali, sikutaka mtu wa tepu. Nilimwambia kwenye simu nataka nioneshwe mpaka wangu. Akaanza yeye kuniuliza. Bikoni ngapi bado zipo? Una namba ya ramani ya upimaji? Jirani wa upande mwingine kajenga, na ukuta wake uliwekwa baada ya kupimwa au kwa kukadiria? Kuna shimo? Kina chake mtu mmoja au wawili? Nilivyomjibu kuhusu shimo akanyamaza kidogo akasema basi ya mpaka inaweza kungoja, la shimo haliwezi, nakuja kabla mvua haijapiga.

Hapo tu nilishaona pesa yangu inaelekea pazuri.

Alikuja na mashine mbili, total station, ile ya kupimia pembe na umbali inayosimama kwenye miguu mitatu, na GPS ya wapimaji ile wanaita RTK. Mimi nilikuwa nimeshazunguka na simu nikaweka vijiti vyangu nikijiona mtaalamu, akaviangalia akatabasamu akanielekeza polepole: simu ya kawaida ukiwa sehemu ya wazi kabisa inaweza kukosea karibu mita 5, na kiwanja chenye upana wa mita 20 ukikosea mita 5 umeshakosea robo yake. Hiyo RTK inakosea sentimita moja mbili. Mafundi wa jirani nao walikuwa na kipimo chao, walivuta tepu kutoka kwenye ukuta wa nyumba ya tatu wakahesabu kuja huku, na ule ukuta nani aliwaambia uko kwenye mpaka? Hakuna. Ni ukuta tu. Ukijenga hesabu yako juu ya ukuta wa mtu aliyekadiria, na wewe unakadiria, ila kwa kujiamini zaidi.

Bikoni mbili za upande wa mbali zilikuwepo, alizitafuta kwenye majani akazipata. Za upande wa jirani hazipo, moja ilikuwa kwenye shimo yaani sehemu ilipokuwa sasa hivi ni hewa, nyingine ilikutwa imelala kwenye kifusi chao ikiwa na alama za meno ya eskaveta. Aliipiga picha kabla hajaigusa, akaweka na rula pembeni. Mimi ningeinyanyua nikawapelekea usoni kwa hasira, na pale pale ushahidi wangu ungekuwa jiwe tu ambalo mtu yeyote angesema nimelitoa kwingine. Na kwa faida ya wengine, kung'oa au kusogeza alama ya mpaka ni kosa la jinai kwenye nchi nyingi tu, kwa hiyo usije ukajirudishia bikoni mwenyewe kwa jembe hata kama unakumbuka ilipokuwa. Mwache mwenye leseni.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kabla ya kuanza aliniambia niwaite mwenye nyumba na mkandarasi waje kushuhudia, kwa maandishi, wakikataa shauri yao. Mkandarasi alimtuma fomeni. Mwenye nyumba hakuja. Lakini barua ya mwito ipo, na fomeni alisimama pale mwanzo mwisho, akaona kamba inanyooshwa kutoka alama hadi alama, na ile kamba ikapita juu ya shimo lao, kipande kizima kinaning'inia hewani. Hakusema neno. Akatoa simu akaenda pembeni.

Vipimo vikatoka hivi: jengo lenyewe liko ndani ya eneo lao, hilo niliwapa haki yao. Shimo ndo limevuka. Nyumba yao ina chumba cha chini, na ukichimba kwa ajili ya chumba cha chini huwezi kuchimba saizi ya jengo kamili, lazima pabaki nafasi ya nje ya ukuta ya fundi kusimama, kufunga mbao za zege na kupaka dawa ya kuzuia maji. Nafasi hiyo wameichukua kwangu. Kwenye kona ya chini wameingia mita 1.3, na baada ya hapo udongo wangu umemeguka wenyewe ukarudi nyuma karibu mita nzima zaidi. Sorveya akasema na bado haujamaliza, kwa sababu wamekata wima na udongo wenyewe ni wa kichanga. Mchanga mkavu hausimami wima, unajilaza kwenye mwinamo wa nyuzi 30 na kitu, sasa piga hesabu, shimo la kina cha mita 3 likiachwa lijilaze lenyewe linaweza kukula zaidi ya mita 4 kwa juu. Mita 4 za kiwanja changu zinaingia kwenye chumba cha chini cha mtu!

Na juu ya hiyo kingo ndo walikuwa wameweka rundo la udongo waliochimba. Upande wangu. Yaani uzito wote umekaa pale pale panapotaka kuporomoka. Marekani sheria zao za usalama kazini zinataka udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingo wa shimo, kwa sababu ya watu walio chini, na hiyo ndo sababu iliyomfanya fomeni aanze kusikiliza kidogo, maana vibarua wake wako humo ndani wanafunga nondo. Tukawa wote tunaangalia lile rundo halafu tunawaangalia wale vijana. Siku hiyo hiyo walianza kulisogeza. Kwa hilo peke yake sorveya anastahili nyota zake na mimi sijui kama ningeliona, macho yangu yalikuwa kwenye mpaka tu.

Lile rundo alilipima pia. Hakuandika "kifusi kingi" kama nilivyoandika mimi kwenye meseji zangu za hasira, aliandika mita za ujazo 60, na udongo uliotifuliwa una uzito wa kama tani 1.3 hadi 1.6 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hapo ni tani 80 hivi au zaidi. Hizo ni tipa kadhaa. Ukimwambia mtu umeniwekea kifusi atakujibu kidogo tu bosi. Ukimwambia umeniwekea mita za ujazo 60, huu hapa mchoro na mhuri, inabidi aje na namba yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kama nisingekuwa na sorveya ningeshukuru badala ya kulalamika. Upande wa barabarani wa kiwanja palikuwa na bonde dogo, maji yalikuwa yanatuama. Nilivyofika nikakuta pako sawa, pamelainishwa na greda, panapendeza. Fomeni akajisifu, tumekusawazishia bure bosi, hapo wengine wanalipa hela. Na kweli nilikuwa karibu niseme asante kwa hilo moja. Sorveya akaomba chepe. Akachimba vishimo vitatu vinne hapa na pale, kina cha kiuno, na kwenye kila kishimo ukaonekana udongo wa rangi tatu, mifuko ya simenti, vipande vya matofali, mbao, halafu chini kabisa majani yangu ya zamani yamelala yanaoza. Wamefukia bonde kwa uchafu wao wakaweka udongo mzuri juu kama mtu anayefagia takataka kuziingiza chini ya mkeka.

Ubaya wake si sura. Ubaya ni kwamba udongo wa kujaza ambao haukushindiliwa tabaka kwa tabaka utaendelea kushuka miaka na miaka, na hautashuka sawasawa, kona hii inazama zaidi ya ile, na mbao zikioza zinaacha uwazi. Ukijenga juu yake kuta zinapasuka. Kwa hiyo siku nikitaka kujenga lazima nichimbe hiyo takataka yote niitoe nifike udongo wa asili, au msingi niupeleke chini zaidi, na gharama zote ni zangu, wakati huo mkandarasi yuko wapi na nani anakumbuka. Au nikitaka kuuza, mnunuzi mwenye akili akileta mtu wa kupima udongo, biashara imekufa au bei imeporomoka. Kitu ambacho kwa macho ni zawadi ndo kilikuwa hasara kubwa kuliko zote, kubwa kuliko hata ile kona ya shimo. Mtu akikusawazishia kiwanja bila kumwomba, chimba.

Pale walipokuwa wanaosha mikisa pana doa kama la meza kubwa ambapo hapaoti kitu. Maji ya zege ni makali, pH yake, kipimo cha asidi na alkali kinachoishia 14, inafika 12 hadi 13, yanaunguza majani, na ule uji unaganda juu ya udongo. Na njia ya tipa imeshindiliwa mpaka chini kabisa, jembe linadunda. Kwa anayetaka bustani hayo ni makubwa, kwangu mimi nimeyaweka nafasi ya mwisho.

Wakili. Nyota tatu, na zote tatu kwa sababu alisoma ripoti kabla ya kuandika. Nilikuwa nataka barua kali ya kutisha, yeye akaandika barua ya kurasa mbili baridi kama barafu, akaambatanisha mchoro. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, kwenye nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa la madai hata kama hujaharibu kitu, kwa hiyo ile lugha ya "lakini si kilikuwa kitupu tu" haina kazi. La pili lilinishangaza: ardhi ikiwa katika hali yake ya asili ina haki ya kushikiliwa na ardhi ya pembeni, jirani akichimba ardhi yako ikaporomoka anawajibika, na hiyo haki ni ya ardhi yenyewe, nyumba haizaliwi nayo, inabidi iipate kwa njia nyingine kama kukaa pale miaka mingi. Kesi inayotajwa sana hapo ni Dalton dhidi ya Angus, Uingereza, 1881. Kwa hiyo kwenye hilo mimi mwenye majani matupu nimesimama vizuri kuliko aliyejenga juzi. Sheria za nchi yako zinaweza kuwa na taratibu zake, muulize wakili wa kwenu, ila usiingie ukijiona mnyonge eti kwa sababu huna jengo. Nyota mbili nimemnyima kwa kutojibu simu.

Seng'enge: mafundi waliikunja ili tipa ipite, na nguzo zangu mbili nikaziona zinashikilia mbao za zege. Inasaidia kuonesha kwamba mahali pana mwenyewe, na mahakamani inaonesha mtu alivuka kitu kuingia, lakini kumzuia mtu mwenye eskaveta kwa waya ni utani.

Kamera ya sola ndo kichekesho. Ilirekodi vizuri tipa mbili ambazo namba zake zimejaa tope, halafu ikarekodi kwa uaminifu kabisa rundo la kokoto lililomwagwa mbele yake, wiki nzima, kokoto, mchana na usiku.

Bora hata picha za setilaiti. Google Earth Pro ni ya bure tangu 2015 na ina kitufe cha kurudi nyuma kwenye picha za miaka iliyopita, nikapata za kiwanja kikiwa kijani chote na bonde linaonekana vizuri, na wakili akazitumia. Ila mpaka huwezi kupima nazo, na picha mpya haiji siku unayoitaka. Kuna jamaa alinishauri nitumie zile za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya ambazo picha zake ni za bure, maana zinapigwa kila baada ya siku kama 5, ni kweli zinapigwa, lakini kila kijiraba cha picha ni mita 10 kwa 10, kiwanja cha 20 kwa 30 kinakuwa viraba sita. Viraba sita! Utaona rangi imebadilika, basi. Picha zako mwenyewe za simu zilizopigwa kabla jirani hajaanza, kutoka kila kona, na kitu cha kulinganishia ukubwa, zina thamani kuliko setilaiti. Bango la ujenzi likisimama tu kwa jirani, kapige siku hiyo, na bango lenyewe lipige pia maana lina jina la mkandarasi.

Kikao kilifanyika kwa mwenye nyumba. Ni mama mtu mzima, nikamwamkia, akaniitikia vizuri, akaagiza viti. Akaanza kwa kusema mwanangu, mimi nimemlipa mkandarasi, hayo mengine ni yake. Mkandarasi akasema kuchimba aliwapa watu wengine. Aliyechimba, ambaye alikuja na kofia yake mkononi, akasema yeye alioneshwa pa kumwaga. Nikaona hapa tutazunguka mpaka jioni. Sorveya hakumjibu hata mmoja, alikunjua mchoro juu ya meza.

"Huu mstari mwekundu ni nini?" mama akauliza.

"Mpaka, mama. Wako na wake."

"Na hii iliyokatiza?"

"Shimo."

Mama akavua miwani akaivaa tena akamgeukia mkandarasi, na kuanzia hapo mimi sikuwa na kazi tena, walikuwa wanaongea wao. Mkandarasi alijaribu kusema ni kawaida ya ujenzi. Sorveya, kwa ile sauti yake ya chini, akamuuliza mkataba wao ni wa aina gani, akasema wametumia ule wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi linalotoa mikataba ya mfano ya ujenzi. Basi akamkumbusha kwamba ule wa kitabu chekundu cha 1999 kifungu cha 4.23 kinamtaka mkandarasi abaki ndani ya saiti yake, na cha 18.3 kinahusu bima ya madhara kwa mali za watu wengine, bima ipo? Ipo. Je, tuwaandikie? Hapo ndo mkandarasi akaanza kutafuta kalamu. Nadhani hakuna mkandarasi anayependa bima yake isikie habari zake kutoka kwa jirani.

Tulichoandikishana: kifusi chote kinatoka, pamoja na kile cha bondeni mpaka majani ya zamani yaonekane. Wanajenga ukuta wa kuzuia udongo upande wao wa mpaka, wenye matundu ya kutolea maji, maana ukuta usiotoa maji unasukumwa ukalala. Nyuma yake udongo unarudishwa kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, kila tabaka inashindiliwa kabla ya nyingine. Bikoni zinarudishwa na mpima mwenye leseni kwa gharama zao. Ada ya sorveya wanalipa wao. Na mama anazuia ile pesa ya mkandarasi mpaka sorveya asaini kwamba kimefanyika. Hicho cha mwisho alikipendekeza mama mwenyewe, mimi nilikuwa nahangaika namna ya kukisema.

Mkandarasi alitaka tuongeze mstari kwamba sina madai mengine yoyote milele. Sorveya akanikanyaga mguu chini ya meza. Tukaandika sina madai mengine kwa yaliyoorodheshwa, na kingo itaangaliwa tena baada ya msimu wa mvua. Udongo wa juu mzuri uliozolewa sikulipwa, doa la zege wamelikwangua tu, na muda wangu hakuna aliyeuliza. Sikung'ang'ania. Nilitaka kona yangu irudi na bonde langu lirudi likiwa bonde, na vyote vimerudi.

Kasoro za sorveya sasa, maana nyota ya tano sijamnyima bure. Anachelewa. Akisema asubuhi, andaa mwavuli wa jua, atakuja jua likiwa utosini. Ripoti yake ya kwanza ilikuwa kwa lugha ambayo mtu wa kawaida hawezi, kurasa za namba, ilibidi nimwombe ukurasa mmoja wa kueleweka na huo ukurasa ndo mama aliousoma, hivyo vingine vyote alipindua tu. Mchoro ulikuwa mdogo, mita 1.3 kwenye karatasi ilionekana kama unywele, akauchora upya kwa kipimo kikubwa baada ya kulalamika. Na kila akirudi saiti anahesabu kama kazi mpya, kwa hiyo ukimchukua mtu wa aina hii kubalianeni mwanzoni kwamba bei inaingiza ukaguzi wa kabla, wa kati na wa baada. Mwambie pia akukabidhi orodha ya kodineti, yaani namba zinazoonesha mahali, za kila kona na mfumo wa kodineti alioutumia, maana sorveya mwingine akija siku nyingine na mfumo tofauti bila kujua, alama zinaweza kuhama na ugomvi ukaanza upya. Huyu wangu alinipa orodha bila jina la mfumo, nikamfuata.

Na kama kiwanja chako hakijawahi kupimwa, mmeoneshana tu kwa mti na kichuguu, huduma hii haitakusaidia kwa namna ilivyonisaidia mimi. Hana cha kurudishia. Hapo anza na upimaji wenyewe, majirani wote wakiwepo na kusaini, kabla hata mmoja wao hajaleta tipa la kwanza la mchanga.